Somo: Pumba, majani au mafuta? Jinsi chakula cha nguvu kinavyogeuka maziwa kwa ng'ombe

Wafugaji wenzangu, habari za mazizini.

Swali ninaloletewa kuliko yote ni hili: "Maziwa yamepungua, nimwongezee pumba kilo ngapi?" Nami kabla ya kujibu huuliza mawili: amezaa lini, na anakula majani kiasi gani? Wengine huona nawazungusha. Siwazungushi. Pumba ile ile ya kilo tatu inaweza kumwokoa ng'ombe aliyezaa wiki tatu zilizopita. Aliyebakiza miezi miwili kuzaa itamnenepesha tu na kumwandalia ugonjwa, na asiyeshiba majani itamchachisha tumbo. Wanga una njia yake mwilini, nyuzi za majani zina yao, mafuta yana yake. Na kuna chakula cha nne ambacho hatukinunui wala hatukikati shambani: nyama na mafuta ya mgongoni mwa ng'ombe mwenyewe, anayoyala pale hori linaposhindwa kumtosheleza.

Hilo la nne nilijifunza kwa gharama. Nilikuwa na chotara wa Friesian hapa Hai, Kilimanjaro, ng'ombe niliyempenda sana. Nilipomkausha, yaani nilipoacha kumkamua kabla ya kuzaa, niliendelea kumpa pumba vizuri, nikisema anapumzika na ana mimba, ale. Alipozaa alikuwa mviringo kama pipa. Wiki ya tatu akafika lita 22, na maziwa yake yalikuwa na krimu nzito hadi majirani wakaja kuuliza namlisha nini. Nikajisifu. Siku chache baadaye akaisusa pumba, akawa anatafuta mabua makavu na nyasi za kulalia. Kinyesi kikawa kigumu, kikavu juu. Nilipomkaribia puani nilisikia harufu tamu kali, kama ya dawa ya kuondolea rangi ya kucha. Mbavu zilikuwa zimeanza kuhesabika. Daktari wa mifugo alimwokoa, lakini uzao ule hakuvuka tena lita 9, na mimba ilishika baada ya miezi minane.

Ile krimu niliyojisifia ilikuwa ni mgongo wake unayeyuka. Somo hili nimeliandika ili mwingine asirudie kosa hilo.

Hatua ya 1: Jua nani anakula kwanza

Unapomwaga majani horini, wa kwanza kuyala ni vijidudu. Tumbo kubwa la ng'ombe, rumeni, ni pipa la kuchachushia ambalo kwa ng'ombe mkubwa linazidi lita 100. Bakteria na wenzao wamo humo kwa mabilioni katika kila tone. Wao ndio wanaovunja nyuzi na wanga, na wanachotoa ni asidi nyepesi ambazo ng'ombe huzifyonza kupitia ukuta wa rumeni. Jambo hili halikujulikana vizuri hadi mwaka 1944, pale Joseph Barcroft na wenzake wa Cambridge, Uingereza, walipoonyesha kwa kondoo kwamba asidi hizo zinaingia kwenye damu moja kwa moja kutoka matumboni. Leo tunajua kuwa sehemu kubwa ya nguvu anayotumia ng'ombe inatoka huko.

Asidi zenyewe ni tatu, na ukizielewa hizi umeelewa nusu ya somo.

Asetati hutoka zaidi kwenye nyuzi: matete, hei (nyasi zilizokaushwa), mabua, majani ya migomba. Kiwele huitumia kutengeneza mafuta ya maziwa. Butirati nayo husaidia huko huko. Propionati hutoka zaidi kwenye wanga: pumba, mahindi ya kuparaza, mihogo, punje zilizo ndani ya sileji (majani ya mahindi yaliyofukiwa na kuchachushwa). Hii huenda kwenye ini, na ini huigeuza kuwa glukosi, sukari ya damu. Glukosi ndiyo inayotengeneza laktosi, yaani sukari ya maziwa, na laktosi ndiyo inayovuta maji kuingia kwenye kiwele. Wingi wa lita kwenye ndoo unaamuliwa hapo. Laktosi haibadiliki sana, iko karibu asilimia 4.8 ya maziwa siku zote, kwa hiyo kiwele kikikosa glukosi hakitoi maziwa mepesi, kinatoa maziwa machache.

Sasa angalia mzigo wa ini. Lita moja ya maziwa inahitaji takriban gramu 72 za glukosi. Ng'ombe wa lita 20 anahitaji karibu kilo moja na nusu kwa siku kwa ajili ya kiwele peke yake, na karibu yote lazima ini liitengeneze, kwa sababu sukari na wanga alivyokula vingi vimeshachachushwa na vijidudu kabla ya kufika kwenye utumbo. Sisi tukila ugali glukosi inaingia kwenye damu. Yeye akila pumba anapata asidi, kisha ini linaanza kazi.

Kwa ng'ombe anayekula majani mengi, asetati ni karibu asilimia 65 hadi 70 ya asidi zote na propionati karibu 20. Ukimwongezea nafaka nyingi, propionati hupanda hadi 30 au zaidi na asetati hushuka. Lita zinapanda, mafuta yanashuka. Watafiti wa Wageningen, Uholanzi, walilinganisha mlo wa wanga na mlo wa mafuta kwa ng'ombe waliotoka kuzaa, wakakuta wale wa wanga wanatoa maziwa yenye mafuta kidogo lakini hawayeyushi sana mwili wao, na damu yao ina ketoni chache, yaani yale mabaki yanayotokana na ini kuchoma mafuta ya mwili. Ng'ombe niliyekusimulia angefaidika sana na habari hiyo.

Hatua ya 2: Piga hesabu ya hori

Chukua ng'ombe wa kilo 400. Kwa kusimama tu, kupumua na kucheua, anahitaji karibu megajuli 47 za nguvu kwa siku. Kila lita ya maziwa inaongeza megajuli 5 hivi.

Matete mabichi ni maji zaidi ya chakula. Ukitaka kujua ya kwako, katakata kilo moja, yaanike juani hadi uzito uache kupungua, kisha pima. Mengi yatabaki gramu 150 hadi 200. Tuseme 180. Basi kilo 50 za matete, mzigo unaomtoa mtu jasho kuubeba kutoka shambani, ni kilo 9 tu za chakula kikavu. Kila kilo kavu ya matete machanga ina megajuli 8 hivi, jumla 72. Toa 47 za kujiendesha, zinabaki 25. Hizo ni lita 5.

Anayetaka lita 15 amepungukiwa megajuli 50. Pumba nzuri ya mahindi ina karibu 10 kwa kilo, hivyo ni kilo 5. Ndipo ilipotoka ile kanuni ya wazee ya kilo moja ya chakula cha nguvu kwa kila lita mbili zinazozidi zile za majani. Kanuni ni nzuri, lakini inasimama juu ya majani. Matete yakishapita urefu wa mtu shina limekuwa mti, ng'ombe anachambua majani na kuacha shina, na zile lita tano zako za msingi hazipo tena. Kata yakiwa karibu mita moja. Ukifanya hili peke yake, bila kununua chochote, utaona tofauti kwenye ndoo.

Na uchanganye na mikunde: lukina, kaliandra, desmodiamu, majani ya viazi vitamu. Vijidudu navyo vinahitaji protini ili vivunje nyuzi. Pumba na mabua bila protini ni kama kuni zilizolowa.

Hatua ya 3: Miezi miwili kabla ya kuzaa

Wataalamu hupima unene kwa alama 1 hadi 5. Azae akiwa 3 hadi 3.5. Simama nyuma yake: uione mifupa ya nyonga lakini isichongoke, upapase mbavu na uzisikie kwa kubonyeza kidogo. Ukikuta amejaa hadi shina la mkia limezama kwenye mafuta, umechelewa, na usijaribu kumkondesha katika wiki hizo za mwisho. Kumnyima chakula akiwa na mimba kubwa kunaanzisha kule kuyeyuka kabla hata hajazaa.

Anapokauka apewe majani ya kutosha na madini, pumba kidogo au asipewe kabisa. Zikibaki wiki tatu ndipo uanze kumrudishia pumba, nusu kilo, kisha kilo, hadi kilo mbili hivi wiki ya kuzaa. Sababu ni vijidudu vyenyewe. Vinavyokula wanga vinahitaji siku kadhaa kuongezeka, na ukuta wa rumeni unahitaji wiki kadhaa kukuza vinyweleo vinavyofyonza asidi. Ukimkabidhi kilo tano siku aliyozaa, asidi itazalishwa na haitakuwa na pa kwenda.

Hatua ya 4: Siku mia za kwanza

Hapa naomba msome taratibu.

Maziwa hufika kileleni kati ya wiki ya 4 na ya 8 baada ya kuzaa. Hamu ya kula hufika kileleni baadaye, wiki ya 10 hadi ya 14. Katikati pana pengo, na hakuna ng'ombe mzuri wa maziwa anayelikwepa. Ng'ombe wa lita 20 anahitaji megajuli karibu 147. Siku zile za mwanzo tumbo lake linaweza kuchukua chakula kikavu kilo 10 tu, na hata kikiwa chakula bora ni megajuli 95 hivi. Zilizobaki anazitoa mwilini, na anaweza kupungua zaidi ya kilo moja ya uzito kwa siku.

Mwili wake umeumbwa kumtanguliza ndama. Insulini, homoni inayoruhusu mwili kupokea sukari, hushuka, misuli hupunguza kupokea glukosi, lakini kiwele chenyewe huchukua glukosi bila kungoja insulini. Mafuta ya mwilini yanaachiliwa kwenye damu. Mengine yanaingia kiweleni na kutoka kama krimu, ndiyo maana maziwa ya wiki za mwanzo yakiwa na mafuta mengi kupita kawaida ya ng'ombe huyo si jambo la kushangilia. Mengine yanakwenda kwenye ini. Ini likiwa na glukosi ya kutosha huyachoma vizuri. Likiwa limeelemewa, huyageuza ketoni au kuyahifadhi humo humo hadi lenyewe linakuwa na mafuta, na ini lenye mafuta linashindwa kutengeneza glukosi. Hapo duara linafunga. Ng'ombe anasusa kula, anayeyuka zaidi, anasusa zaidi. Huo ndio ugonjwa wa ketosisi.

Fanya hivi. Majani bora kuliko yote uliyonayo yatunze kwa ajili ya ng'ombe huyu, si yule aliyekaribia kukauka. Mpe mara nne au tano kwa siku, na hori lisiwe tupu usiku. Maji yawepo saa zote, maana maziwa karibu asilimia 87 ni maji na asiyekunywa hali. Pumba uipandishe kwa nusu kilo kila baada ya siku mbili au tatu, ukitazama kama anamaliza majani. Akianza kubakiza majani, simama hapo hapo, usiongeze.

Dalili ya kwanza ya ketosisi ni mpangilio wa kususa: anaacha pumba kwanza, kisha sileji, majani makavu anaendelea kuyang'ata. Maduka mengi ya dawa za binadamu yanauza vijikaratasi vya kupimia ketoni kwenye mkojo. Nunua kopo moja, mkinge mkojo siku ya 7, ya 14 na ya 21 kwa ng'ombe wote wanaotoa sana. Rangi ikibadilika kwa nguvu, muite daktari siku hiyo hiyo. Ataweza kumtundikia glukosi kwenye mshipa, na kumnywesha propilini glaikoli, ambayo ini huigeuza glukosi. Kipimo cha kawaida ni karibu mililita 300 kwa siku, siku tatu hadi tano, polepole asije akapaliwa.

Hatua ya 5: Wanga uingie kwa ngazi

Kwa kuwa wanga ndio unaoleta glukosi, mtu atasema basi nimjaze wanga. Rumeni yenye afya ina pH, kipimo cha uchachu ambacho kikishuka uchachu umepanda, kati ya 6 na 6.8. Wanga unachachuka haraka, asidi zinarundikana, pH ikishuka chini ya 6 vijidudu vya nyuzi vinadhoofika, ikifika 5.5 na chini ng'ombe anaumwa hata kama husikii akilia. Anakula leo, kesho anagoma. Kinyesi kinakuwa uji wenye povu na punje nzima. Baada ya miezi kwato zinauma.

Kinachomlinda ni mate. Ng'ombe mkubwa hutoa zaidi ya lita 100 za mate kwa siku, yenye bikaboneti ya kupoza asidi, na mate hutoka anapotafuna na kucheua. Nyuzi ndefu zinamchezesha taya saa nane kwa siku, pumba haimchezeshi taya hata kidogo. Kwa hiyo majani yatangulie, pumba ifuate, na isizidi kilo mbili au mbili na nusu kwa mlo mmoja. Nusu ya chakula chake chote, ukikipima kikavu, ibaki kuwa majani. Usiyakate matete vipande vidogo kama mboga ya kupika, sentimita mbili hadi tano zinatosha. Mahindi yaparazwe, yasisagwe unga laini.

Hatua ya 6: Mafuta kwa kiasi

Mafuta yana nguvu zaidi ya mara mbili ya wanga kwa uzito ule ule, na hayachachuki, hivyo hayaleti asidi. Ndiyo sababu mashudu ya alizeti (makapi ya mbegu zilizokamuliwa mafuta) na mbegu za pamba huonekana kama dawa. Lakini vijidudu vya nyuzi haviyapendi. Jumla ya mafuta kwenye chakula chote kikavu isipite asilimia 6 au 7, na majani yenyewe tayari yana 2 au 3. Mashudu yanayotoka kwenye mashine ndogo za kukamulia za Singida na Dodoma hubaki na mafuta mengi kuliko ya viwanda vikubwa. Yaminye mkononi: yakikuachia mng'aro, anza na kilo moja kwa siku, usizidi mbili. Na kumbuka mafuta hayaleti glukosi ya maana. Yanaongeza krimu na kuziba pengo la nguvu kwa jumla, kazi ya laktosi bado ni ya wanga.

Hatua ya 7: Baada ya mwezi wa tano

Kwa ufupi. Maziwa yanashuka yenyewe, insulini imepanda, na wanga unaozidi sasa unakwenda mgongoni. Punguza pumba kufuata lita. Kama amekonda, huu ndio wakati wa kumrudishia mwili, si wakati amekauka.

MASWALI YA WANACHAMA

Kutoka Rungwe: Shikamoo mwalimu. Nina ng'ombe wa lita 17, amezaa miezi mitatu. Nampa pumba kilo sita asubuhi wakati wa kukamua, jioni majani. Wanunuzi wamepima wakasema maziwa yangu yana mafuta kidogo, wakadhani nimeongeza maji. Sijaongeza.

Marahaba. Nakuamini. Kilo sita kwa mlo mmoja, tumbo likiwa tupu alfajiri, ni asidi tupu. Vijidudu vya nyuzi vimenyong'onyea, asetati imeshuka, krimu imekosa malighafi. Wakati mwingine kuna zaidi ya hapo: rumeni ikichacha, mafuta ya pumba yanageuzwa na vijidudu kuwa aina ambayo ikifika kiweleni huzima utengenezaji wa krimu. Gawa kilo sita mara tatu, tena majani yatangulie nusu saa. Weka bikaboneti, ile soda ya kuokea, gramu 100 hadi 150 kwa siku ukichanganya kwenye pumba. Magadi usitumie kila siku, ya kaskazini yana floridi nyingi, inaharibu meno na mifupa. Mafuta yatarudi ndani ya wiki mbili tatu. Na maji yakiongezwa, laktomita, kipimo cha uzito wa maziwa, inashuka pamoja na mafuta. Mwombe mnunuzi asome vyote viwili, hapo utetezi wako utakuwa kwenye kipimo.

Kutoka Nyandarua, Kenya: Habari mwalimu. Wangu anatoa lita 28 lakini amekonda na huu ni mwezi wa nne hajaingia joto. Daktari amesema hana ugonjwa. Nifanye nini?

Nzuri, karibu. Daktari wako amesema kweli, shida ni pengo lile la hatua ya nne ambalo kwa lita 28 ni refu. Nguvu ikipungua, glukosi na insulini zikiwa chini, ubongo hupunguza homoni zinazokuza yai. Mwili unasema mwenye njaa asibebe mimba nyingine. Hatupunguzi maziwa, tunaongeza ubora wa kila kilo anayokula: sileji ya mahindi iliyokatwa punje ikiwa laini ya kubonyeka kwa kucha, hei nzuri, chakula cha dukani mara nne kwa siku, mashudu kilo moja hadi moja na nusu. Tumbo limejaa tayari, kwa hiyo usimwekee mabua. Pima unene kila wiki mbili. Siku utakayoona ameacha kushuka, anza kumtazama joto asubuhi na jioni, kwa kawaida huja wiki chache baadaye.

Kutoka Mvomero: Ng'ombe wangu akilegea baada ya kuzaa mimi humnywesha molasi lita mbili au maji ya sukari, maana ni glukosi. Umesema aitiwe daktari, kwa nini tusitumie tulichonacho?

Ndugu yangu, molasi naipenda, nusu lita juu ya mabua inamfanya ale yale ambayo angeyaacha. Lakini sukari ikipita mdomoni vijidudu vinaiwahi, na sukari hasa huchachuka kwa wingi kuwa butirati, na butirati inapopita ukuta wa rumeni nyingi hugeuka kuwa ketoni ile ile tunayoikimbia. Kwa ng'ombe mwenye ketosisi unakuwa unamwongezea. Tena aliyelegea baada ya kuzaa anaweza kuwa na homa ya maziwa, yaani upungufu wa kalsiamu, na hiyo inaua kwa saa chache. Akilala na shingo ameipinda ubavuni, usimnyweshe kitu chochote, kitaingia mapafuni.

Kutoka Machame: Mwanangu, sisi tumelisha migomba tangu enzi za mama zetu na maziwa tulipata. Sasa mnasema haina nguvu?

Shikamoo mama. Migomba iko hata kwangu na sitaiacha. Majani yake ni chakula. Shina ndilo lenye maji zaidi ya sehemu tisa katika kumi. Linasaidia sana kiangazi ng'ombe asikose maji, ila kilo 40 za shina hazifiki kilo 4 za chakula. Ng'ombe wa zamani wa lita nne alitosheka, chotara wa lita 15 hatosheki. Shina lisizidi theluthi ya mzigo, na lifuatane na mikunde, kwa sababu protini yake ni ndogo mno. Maganda ya ndizi, mama, hayo usiyatupe, yana wanga mzuri.

Kutoka Muheza: Pumba imepanda bei. Mihogo tunayo. Naweza kubadilisha kabisa?

Nusu yake, ndiyo. Mihogo ni wanga unaochachuka haraka kuliko mahindi, kwa hiyo tahadhari za hatua ya tano zizidishe. Katakata, pamoja na maganda, anika siku mbili tatu hadi ikatike kwa mlio. Sumu ya sianidi inapungua sana kwa kukatwa na kuanikwa, hasa ya mihogo michungu. Ukiona ukungu, tupa. Mihogo haina protini ya kuhesabika, ambatanisha na mashudu au majani ya lukina. Mimi ningesema kilo mbili za mihogo mikavu, kilo mbili za pumba, kilo moja ya mashudu ya pamba kwa siku nzima, ukigawa mara mbili au tatu.

Kutoka Iringa: Mwalimu, hapo kwenye mafuta sikubaliani. Jirani yangu anamnywesha ng'ombe wake nusu lita ya mafuta ya kula kila siku na maziwa yalipanda.

Huenda yalipanda. Nusu lita ni gramu 450 hivi, na ng'ombe anayekula chakula kikavu kilo 12 hiyo ni karibu asilimia 4 juu ya 2 au 3 zilizomo kwenye majani. Amesimama ukingoni kabisa. Kama analishwa majani mengi mazuri, nguvu ya ziada itaonekana kwa wiki kadhaa. Mwombe akuonyeshe kinyesi. Ukikuta nyuzi ndefu zisizomeng'enywa, au mabaki ya majani horini yanaongezeka, gharama imeshaanza kulipwa. Mafuta ya maji ndiyo mabaya zaidi kwa vijidudu, yaliyo ndani ya mbegu nzima hutoka taratibu. Kwa fedha ile ile ya mafuta ya kula ningenunua mbegu za pamba.

Kutoka Unguja: Asalaam alaykum mwalimu. Huku joto, mchana ng'ombe anahema tu na hali. Nimpe nini?

Waalaykum salaam. Kuchachusha nyuzi kunazalisha joto jingi tumboni, na yeye analijua, ndiyo maana anaacha majani kwanza mchana. Halafu anapohema anapoteza bikaboneti, mate yanamwagika nje, na rumeni inachacha kwa urahisi. Kwa hiyo kishawishi cha kumwongezea pumba mchana ni cha kukikataa. Theluthi mbili za majani mpe baada ya magharibi na kabla ya alfajiri, yakiwa machanga. Sehemu ya wanga ibadilishe kwa mashudu ya nazi, kilo moja hadi moja na nusu. Mafuta yake hayazalishi joto la kuchachuka. Kivuli cha makuti kilicho juu, upepo upite, na maji yakae kivulini, siyo kwenye pipa lililopigwa jua. Chumvi jiwe liwepo. Ukimaliza wiki mbili uniandikie anakula saa ngapi, tutarekebisha.